Ufundi wa Kutundika na Kuweka

Ufundi wa kuonyesha sanaa ni ufundi wa kuamua kitu kikae wapi, kwa urefu gani kutoka sakafuni, mwanga ukifikie kwa upande upi, na mtazamaji awe amesimama juu ya nini. Mchoraji akishasafisha brashi zake ndipo fundi huyu anapoanza, na akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtaja. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kazi hiyo ina masharti ambayo kumbi nyeupe za London hazina. Jengo lenyewe lina historia, lina umbo la ukaidi, na lina watu waliokaa nje yake barazani tangu asubuhi.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene kiasi cha nusu mita na kuendelea, na dari zikibebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haivuki mita tatu kwa mengi, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Ndiyo maana vyumba vya huko ni virefu na vyembamba. Mtu anayetazama picha kubwa hawezi kurudi nyuma hatua sita akaipata yote. Ataisoma ubavu kwa ubavu huku akitembea. Chokaa nayo hupitisha unyevu, na masika yakikolea kuta hutoka chumvi na plasta humeguka. Msumari uliopigwa Disemba huenda usishike Mei. Mafundi wenye uzoefu huacha nafasi ya hewa kati ya picha na ukuta, au huning'iniza kazi kwa kamba kutoka kwenye boriti. Nje, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua hugusa sehemu ya chini ya ukuta kwa muda mfupi tu mchana, na rangi iliyowaka saa sita inafifia kabla ya adhuhuri haijaadhiniwa vizuri. Yeyote anayepanga maonyesho hapa bila kujua saa za mwanga anafanya kamari.

Watu wa pwani hawakuanza jana kupanga vitu ili vitazamwe. Katika nyumba za mawe za waungwana, Lamu zaidi na kwingineko kwa kiasi, ukuta wa ndani uliwekwa vidaka vya plasta, na humo zikapangwa sahani na bakuli kutoka Uchina, Uajemi na baadaye Ulaya. Bakuli za namna hiyo zilipachikwa pia kwenye nguzo za makaburi na kwenye mihirabu, mahali ambapo mkono hauzifikii tena na kazi yao iliyobaki ni kuonekana. Kusini mwa Unguja, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe upande wa kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18, lakini maandishi yale yangali kibla, mbele ya uso wa mwenye kuswali. Huko ni kuweka kwa hali ya juu. Maandishi hayo yangepelekwa kwenye kabati la kioo, elimu ya herufi ingebaki, ila mtazamaji angekuwa ameelekea popote tu.

Mlango wa Unguja ni somo jingine. Nakshi zimejaa upande wa barabarani: miimo yenye mnyororo uliochongwa, maua na mawimbi, mfaa katikati, na juu ya kizingiti cha juu pengine aya ya Kurani pamoja na mwaka. Ndani, mbao mara nyingi ni tupu. Mwenye nyumba aliyelipa gharama ile alimkusudia mpita njia. Mbele yake akajenga baraza, kwa hiyo mpita njia akapata na pa kukaa. Mlango, benchi la mawe na kona ya kichochoro hufanya pamoja onyesho dogo lisilofungwa usiku, na wengi waliokuja baadaye na sanaa ya kisasa wameshindwa kulifikia.

Kazi ya kisasa iliyolifikia iko Mkunazini. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa lililokuwa hapo, na kwenye uwanja wake misheni ya Kianglikana ikajenga kanisa kuu chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere. Jengo lile lina ustadi wake wa kuweka. Penye altare, duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu linaonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba mmoja ulitengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake. Kitu kimoja kimebandikwa mahali pake, kingine kimebeba mahali pengine hadi hapa.

Mwaka 1998 msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, aliweka nje ya kanisa kumbukumbu ya watumwa. Ni shimo la pembe nne lililochimbwa ardhini, na ndani yake sanamu za watu zimesimama, zimefungwa shingoni kwa mnyororo ambao unaelezwa kuwa wa zama zile zile za utumwa. Uamuzi mkubwa wa kazi hii ni kimo. Sanamu za mashujaa duniani huinuliwa juu ya jukwaa, na mtazamaji huinua shingo. Hapa mtazamaji anasimama ukingoni na kuangalia chini, yaani anawekwa, atake asitake, mahali pa mnunuzi aliyekuwa akikagua. Hakuna bango linalomwambia hivyo. Mwili wake wenyewe unamwambia, na wageni wengi huondoka ukingoni wakiwa hawajui wasimame wapi. Nyuso zenyewe hazikuchongwa kwa ulaini mwingi, na huo pia ni uamuzi mwema: uso mzuri mno ungemvuta mtu asifu mkono wa msanii na kusahau shimo.

Hatua chache kutoka hapo yamo mahandaki chini ya jengo la zamani la misheni, ambayo kwa miaka mingi wageni wameonyeshwa kuwa vyumba vya kuwahifadhia watumwa kabla ya mnada. Wanahistoria wamelitilia shaka dai hilo, kwa sababu jengo lililo juu yake ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Hili ni jambo la kuliangalia kwa makini, maana linaonyesha upande wa hatari wa ufundi huu. Dari fupi, giza na joto vina nguvu ya kushawishi kuliko hati yoyote, na mwongozaji akisema neno moja mahali kama pale, anaaminiwa. Sörnäs hakudai kwamba watu wake walisimama kwenye shimo lile. Alisema, kwa umbo, kwamba hii ni kumbukumbu, na kwa hiyo hana deni. Kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa kilichofunguliwa katika eneo hilo mwaka 2016 kimesaidia kurudisha uzito kwenye maandishi na ushahidi. Anayetaka kuona handaki lisilohitaji msaada wa mwongozaji aende Mangapwani, kaskazini mwa mji, kwenye vyumba vilivyochimbwa ndani ya mwamba ili kuwaficha watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku. Mle hamna kitu, na haijaonekana haja ya kuongeza.

Makumbusho rasmi yamekuwa na bahati nyembamba zaidi. Beit al-Ajaib, kasri alilojenga Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani pana zinazotazama Forodhani, lilikuja kuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Uani kwake ulikaa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba lisilo na msumari, lililoundwa upya kwa kuigiza vyombo vya kale. Ulikuwa uwekaji wa akili: ua wa ndani, wenye ghorofa zinazouzunguka, ulimruhusu mtazamaji kupanda na kukiona chombo kutoka juu, jambo ambalo ufukweni haliwezekani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo pamoja na mnara wake iliporomoka na watu wawili wakafa. Hakuna somo la maonyesho linalotangulia hilo la paa na nguzo.

Barabarani, hasa Gizenga na njia zinazoizunguka, onyesho hupangwa na kupanguliwa kila siku. Wenye maduka hutoa picha asubuhi, wakazitundika ukutani kutoka juu hadi chini bila kuacha nafasi, na jioni huziingiza. Nyingi ni za mtindo wa Tingatinga, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyepaka rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi vya pembe nne na kuviuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Sanaa hii ilizaliwa nje ya duka, na rangi zake bado zinalijua jua. Wakosoaji huidharau kwa kurudiarudia twiga na ndege wale wale, na kweli marudio yapo mengi. Lakini ukuta mzima wa picha hizo, ukionekana kutoka mwisho wa kichochoro chenye kivuli, una hesabu yake: nyekundu hazikai pamoja, kubwa ziko juu, ndogo za kubeba mkononi ziko usawa wa kifua cha mnunuzi. Mwenye duka amesoma macho ya wateja wake muda mrefu. Kwenye maduka ya kanga ya Darajani hali ni hiyo hiyo. Doti hukunjuliwa kiasi cha kufanya jina lisomeke kutoka mlangoni, kwani mteja huchagua maneno sawa na anavyochagua rangi.

Mzaliwa wa Unguja aliyeufikisha ufundi huu mbali kuliko wote ni Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza na mama yake angali mchanga baada ya baba yake kufariki, na huko akasomea ubunifu wa majukwaa ya tamthilia kabla ya kujulikana kama mchoraji. Elimu ya jukwaa haikumtoka. Mwaka 1985 alipoandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi 11 katika taasisi ya ICA, London, nafasi waliyopewa ilikuwa ushoroba. Aliyaita "The Thin Black Line", na wembamba wa mahali ukaingia kwenye maana ya maonyesho yenyewe. Mwaka 2004 alionyesha "Naming the Money", watu 100 wa ukubwa wa binadamu waliokatwa kwa mbao na kupakwa rangi, mfano wa watumishi wa Kiafrika katika kasri za Ulaya. Wanasimama sakafuni kwa miguu yao. Mtazamaji hupita katikati yao kama apitaye sokoni, na humlazimu kuzunguka nyuma ili asome jina la kila mmoja, lile la kwao na lile alilopachikwa.

Miaka mitatu baadaye alichukua vyombo vya mezani 100 vya zamani, akachora juu yake watu wa Lancaster, mji wa Uingereza uliotajirika kwa biashara ya watumwa, na kuvionyesha katika nyumba ya kihistoria ya mji huo huo. Sahani zile zile zingewekwa kwenye ukumbi mtupu zingekuwa picha za mviringo. Katika nyumba ya wakubwa wa Lancaster zilikuwa mashtaka yaliyoandaliwa mezani. Msomaji wa pwani atakumbuka vidaka, ingawa hakuna sababu ya kudai kwamba msanii alivitoa huko. Uhusiano wake na kanga ni wa wazi zaidi, kwani amechora kazi kadhaa zenye umbo la kanga na maneno yake. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Inastaajabisha kwamba Unguja yenyewe haijawa na nyumba ya kudumu ya kazi zake.

Umaarufu wa Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umefanya maonyesho yarundikane upande mmoja wa mji. Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililokwisha kufukiwa, ndiko wakazi wengi wa mji wanakoishi, na ukuta wa huko una masharti mengine kabisa. Maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamepangwa kando ya njia pana zinazokutana kwenye mzunguko mmoja. Umbali uliokosekana vyumbani mwa boriti unapatikana hapa kwa mamia ya mita: kazi inayotaka kuonwa lazima iwe kubwa, yenye mistari michache, na istahimili jua la kutwa. Kwa anayetaka kuonyesha sanaa huko, ramani ya kuanzia ipo tayari. Kitabu cha atlasi ya Ng'ambo, kilichotoka mwaka 2019 kutokana na mradi wa idara ya mipango miji ya Zanzibar na washirika wake, kimerekodi mitaa, majengo na sehemu ambazo wakazi wenyewe huzithamini, kuanzia jumba la Raha Leo hadi maskani na baraza za mitaani.