Utetezi Usio na Silaha na Siasa za Ukombozi katika *Kusadikika* na *Kinjeketile*

Riwaya ya Shaaban Robert, *Kusadikika* (1951), imezoeleka kusomwa kama istiara ya Tanganyika chini ya ukoloni, na Karama kama mtangulizi wa wapigania uhuru. Usomaji huo una mashiko, lakini unapita juu ya jambo moja: Karama hapiganii uhuru. Anashtakiwa kwa sababu ya elimu ya sheria, na katika utetezi wake wote hadai mfalme aondoke. Anadai mfalme asikilize.

Utetezi huo umejengwa juu ya visa vya wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarejea na mapendekezo ya kuifaa nchi, wakalipwa adhabu. Karama hayageuzi mateso yao kuwa wito wa kisasi, bali ushahidi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kimaadili ya riwaya, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake wa kisiasa. Raia wanasikiliza, hawaamui. Ushindi unategemea dhamiri ya mamlaka ile ile iliyowaadhibu wajumbe. Kama ingeziba masikio, Karama hana pengine pa kukata rufaa.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), inaanzia pale ambapo mtawala hatarajiwi tena kusikia. Watu wanaolimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani wanaunganishwa na neno la Kinjeketile, lakini neno likishaenea, mwenyewe hawezi kulizuia. Anataka wasubiri, wao wanakwenda vitani. Mwishoni, licha ya vifo vingi, anakataa kuyakana maji, kwa kuwa kuyakana ni kuwaambia vizazi vijavyo kwamba vita vyenyewe vilikuwa uongo.

Karama, basi, ana neno lisilo na umma. Kinjeketile ana umma usiorudishwa na neno. Harakati za amani za TANU, iliyoanzishwa mwaka 1954, zilihitaji vyote viwili. Nyerere alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955, alijenga hoja kama Karama, lakini nyuma yake kilisimama chama. Kuiita *Kusadikika* utabiri wa siasa hizo ni kuipa sifa isiyo yake. Riwaya inathibitisha kwamba haki inaweza kutetewa bila silaha. Haijibu swali la nani atamlazimisha mtawala asikie.