Kilemba cha jogoo na miiba yake

Hadithi ya jogoo aliyetisha wanyama kwa kilemba chekundu inasimuliwa pande nyingi za Afrika: waliamini ni moto, mpaka mmoja alipokigusa akakuta ni baridi tu. Sisi walimu tunaipenda, lakini inaacha kitu. Mtoto anaisikia, anafikiri jogoo ni kelele bure. Kumbe silaha yake iko miguuni! Ile miiba inaweza kutoboa jicho la mtoto mule mule kwenye lupango.

Msimuliaji aongeze basi: majogoo wengi kwa mitetea kidogo ni vita kila siku, mmoja kwa mitetea kama kumi anatosha. Kumpiga teke kunamchochea tu, anaona umekubali kupigana naye. Na yule anayezoea kurukia watoto asiachwe azalishe, maana ukali unarithiwa. Huyo ni wa sufuria.