Kete Zinazosomwa kwa Gumba

Anayetaka kununua seti yake ya kwanza ya mahjong na afumbe macho. Achukue kete moja, apitishe kidole gumba usoni mwake taratibu, kutoka juu hadi chini. Akihisi mifereji, ukingo wa duara au mistari ya herufi iliyozama, aendelee kuuliza bei. Asipohisi kitu, airudishe sandukuni, hata kama picha zake zinang'aa na sanduku lenyewe lina bitana ya mahameli. Picha iliyopigwa chapa juu ya plastiki huchakaa kwa jasho na msuguano, na mchezo huu hauchezeki kete moja ikipungua.

Naanza na gumba kwa sababu ndilo linalocheza. Mahjong ilizaliwa China katika karne ya 19, zama za utawala wa Qing, na huchezwa na watu wanne. Kila mmoja hushika kete 13, huchota moja kutoka kwenye ukuta uliojengwa katikati ya meza, kisha hutupa moja, mpaka apatikane mwenye mafungu manne ya tatu tatu pamoja na jozi. Mchezaji mzoefu haitazami kete aliyochota. Kabla haijafika mbele yake, gumba limekwisha kupita chini yake, naye anajua kama ni Mianzi 5 au Upepo wa Mashariki, na mara nyingi ameshaamua kuitupa. Mcheza bao hodari naye hujua kete zilizomo kiganjani kabla hajaanza kuzisambaza. Lakini mcheza bao huhesabu, na huyu wa mahjong husoma. Anasoma maandishi ambayo mtu mwingine, pengine miaka mingi nyuma, aliyachonga ili yasomeke gizani.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Fikiria kazi iliyo mbele yake. Seti ya Kichina ina kete 144. Kati ya hizo, 108 ni za makundi matatu, yaani Miduara, Mianzi na Maandishi, kila moja likihesabiwa 1 hadi 9 na kila kete ikirudiwa mara nne. Zinazobaki ni Pepo nne na Majoka matatu, nazo zikirudiwa mara nne nne, halafu kete nane za Maua na Majira ambazo hazirudiwi. Ukizijumlisha alama utaona kwamba kundi la Miduara peke yake linadai miduara 180. Mianzi inadai vijiti 176, maana kete ya kwanza ya kundi hilo haina kijiti, ina ndege. Herufi ya elfu kumi, yenye mistari mingi na pembe za kuchosha, huchongwa mara 36. Na zile nne zinazorudiwa lazima zilingane kiasi kwamba kidole kisiweze kuzitofautisha. Mchongaji wa sanamu akikosea hugeuza kosa kuwa pindo la nguo. Mchongaji wa kete hana nafasi hiyo.

Huko Hong Kong kazi hii ilifanywa kwa mkono mitaani, mbele ya wapita njia. Fundi hupanga kete tupu za plastiki nzito katika fremu ya mbao, huzibana, kisha huziweka chini ya taa ya balbu. Joto la taa huilainisha plastiki, patasi ikaingia bila kuivunja. Kwa miduara anayo keekee ya mkono yenye ncha iliyotengenezwa kwa ajili ya duara la kipimo hicho tu. Huibana juu ya kete, huizungusha, duara likatokea kwa pumzi moja. Kwa herufi hana kielelezo wala penseli. Patasi hufuata mstari uliomo mkononi mwake. Baadaye rangi nyekundu, kijani na buluu hupakwa ndani ya mifereji, na ile iliyomwagika usoni hukwanguliwa, ikabaki ya chini tu. Ndiyo maana rangi ya kete iliyochongwa hudumu: kidole hakiifikii kuifuta. Seti moja humchukua fundi siku kadhaa, na anayeingoja hungoja.

Katika Jordan Road, upande wa Kowloon, Cheung Shun-king alifanya kazi hiyo kwenye kibanda kilichobanwa chini ya ngazi za jengo, kikiitwa Biu Kee. Kilifungwa mwaka 2022. Hung Hom nako, Ho Sau-mei alianza kuchonga angali msichana katika duka la familia, Kam Fat, akawa mwanamke katika ufundi uliozoeleka kuwa wa wanaume. Mwaka 2014 serikali ya Hong Kong ilipotoa orodha yake ya kwanza ya urithi wa utamaduni usioshikika, yenye mambo 480, uchongaji wa kete za mahjong ulikuwamo. Orodha ni heshima, na heshima hiyo ilistahili. Ila orodha hailipi kodi ya kibanda, na mashine za viwanda vya China Bara zilikwisha kuiteka biashara miongo kadhaa kabla.

Ukitaka kumjua fundi, tazama ndege wa Mianzi 1. Kwenye kete nyingine karibu zote hana uhuru, lakini kwa ndege huyu desturi imemwachia mlango wazi. Wako wanaochonga shomoro mnene aliyetulia, wengine tausi mwenye mkia uliokunjuliwa, wengine ndege ambaye hakuna mwitu uliopata kumwona. Ndege wa mashine ni yule yule katika kete zote nne na katika seti zote zilizotoka kiwandani siku hiyo. Ndege wa mkono huonyesha pale patasi ilipoinuliwa.

Mwanzilishi mwenye moyo wa mambo ya kale atavutiwa na seti za zamani, zenye uso wa mfupa na mgongo wa mwanzi, vipande viwili vilivyochongwa meno yakashikana. Ni kazi nzuri ajabu. Nyingi zilitengenezwa katika miaka ya 1920, baada ya Mmarekani Joseph Park Babcock, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Standard Oil huko Suzhou, kuupeleka mchezo kwao akiwa na kitabu cha kanuni cha mwaka 1920 na kete zenye tarakimu pembeni kwa wasiosoma Kichina. Marekani ikapatwa na homa ya mahjong, hata mifupa ya ng'ombe kutoka machinjio ya huko ikasafirishwa kwa meli hadi Shanghai ikachongwe, kisha irudi ilikotoka ikiwa mchezo. Lakini mwanzi una mistari yake ya asili, na mchezaji mwenye jicho kali huikariri migongo. Seti hizo ni za kutunzwa na kuchezwa na watu mnaoaminiana. Si za kujifunzia.

Na muuzaji akikunong'oneza kwamba kete zake ni za pembe ya ndovu, mara nyingi ni mfupa: mfupa huonyesha vijitundu na vistari vidogo vyeusi, ilhali pembe huwa na mistari inayokatana. Ikiwa kweli ni pembe, iache hapo hapo. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa meno hayo yalitoka wapi. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Hakuna uzuri wa patasi unaoweza kuifanya kete ya namna hiyo iwe nzuri mezani.

Lakini kabla ya yote, uliza utacheza na nani, maana kanuni ndizo zinazochagua kete. Wenzako wakicheza kwa namna ya Hong Kong, tafuta zile kubwa, nyingi zikikaribia urefu wa sentimita 4, nzito, zinazotoa ule mgongano mnene zinapochanganywa mezani. Wajapani hutumia kete ndogo zisizofika sentimita 3, huyaacha Maua, hivyo hucheza na 136, na seti zao huja na 5 nyekundu na vijiti vya kuhesabia alama. Wamarekani, wanaofuata kadi inayotolewa upya kila mwaka na National Mah Jongg League iliyoundwa New York mwaka 1937, wanahitaji kete 152, kwa sababu wana majokeri nane. Seti ya Kijapani haitakufaa kwenye meza ya Wamarekani, na muuzaji wa mtandaoni hatakuuliza. Kwa asiyesoma Kichina, tarakimu pembeni ni msaada halali. Usione haya kuzitaka. Hesabu kete zote kabla ya kulipa, zigeuze zote utazame migongo yake chini ya mwanga, na jua lipi ni Joka Jeupe na ipi ni kete ya akiba, maana katika baadhi ya seti, zote mbili ni tupu.

Je, mwanzilishi anunue seti ya mkono? Kwa maoni yangu, si ya kwanza. Ya kwanza iwe ya kiwanda, ya bei ya kawaida, ili uitumie bila hofu: imwagikiwe chai, ianguke sakafuni, ikopeshwe jirani. Kitu kimoja tu usikubali kukipunguza, nacho ni kina cha mchongo. Mashine nzuri huchonga kwa kufuata njia zile zile ambazo mikono ya Kowloon ilizipitia kwanza, na gumba lako litajifunza juu yake lugha ambayo wao waliiandika. Baada ya hapo, siku utakapochota kete na kuijua bila kuitazama, utakuwa tayari kuelewa unacholipia unapomlipa fundi.

Siku hiyo ikifika, agiza seti kwa mmoja wa wachongaji wachache waliobaki Hong Kong. Mwachie amchore ndege apendavyo, ngoja mpaka amalize, na akitaja bei yake usimwombe akupunguzie.