Ujuzi wa Kando ya Kitanda: Muuguzi wa Vitendo Kilosa na Mikumi

Muuguzi wa vitendo ni mtaalamu wa afya ambaye kazi yake yote hufanyika kando ya mgonjwa, na ambaye Tanzania humfahamu zaidi kama muuguzi daraja la pili, yaani mwenye astashahada ya miaka miwili, akifuatwa juu yake na mwenye stashahada na mwenye shahada. Ngazi hizo hupima miaka ya darasani wala hazipimi uzito wa kazi, kwa maana katika wilaya ya Kilosa, ambako vijiji vingi vimepanda milima ya Ukaguru na Rubeho na masika huzifanya barabara zisipitike, zahanati usiku huweza kuwa mikononi mwa muuguzi mmoja tu.

Watu humsifu kwa huruma, na huruma anayo. Lakini sifa hiyo ikisimama peke yake humpunja, kwa sababu husahau kwamba anayesifiwa ni mjuzi. Mama anapojifungua, muuguzi husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu, kifaa kidogo chenye umbo la tarumbeta, akijua kwamba mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, na huyaandika kwenye patografu, ambayo ni chati ya mwenendo wa uchungu, ili kuchelewa kokote kuonekane mapema. Mtoto akishatoka, humchoma mama sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ndani ya dakika moja, kisha hulipapasa tumbo kuhakikisha mji huo umekaza, kwa kuwa damu inayovuja baada ya kuzaa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya uzazi nchini, na haisubiri gari la wagonjwa lifike kutoka mjini.

Mikumi huudai ujuzi huohuo kwa namna nyingine. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takribani kilomita 50, na ajali zake hazichagui saa. Majeruhi anayevuja damu ndani ya tumbo huweza kuzungumza vizuri na kuwa na shinikizo la damu la kawaida, ilhali mapigo yake ya moyo yanapanda kidogo kidogo kila yanapohesabiwa, kwa sababu moyo hukimbia kufidia damu inayopotea kabla shinikizo halijaanguka. Anayeligundua hilo ni yule aliyerudi kitandani kila robo saa, akashika kifundo cha mkono, akahesabu, akaandika, akalinganisha na alichoandika mwanzo, kisha akamwita daktari wakati bado kuna la kufanya. Hata Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza huko Scutari kuanzia mwaka 1854 na kufungua shule ya wauguzi London mwaka 1860, hukumbukwa kwa taa yake, ingawa hesabu za vifo alizozikusanya ndizo zilizowalazimu wakubwa wasikilize habari za usafi.

Usafi huo ulikuwa suala la uhai Kilosa pia, pale Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Katika makazi ya namna hiyo uuguzi huanzia kwenye maji ya kunywa, choo na sabuni, na chumvichumvi za kumnywesha mtoto anayeharisha hutangulia dripu.

Ipo pia elimu ambayo chuo hakiwezi kuitoa: kujua kitongoji kipi hukatwa na mto mvua ikinyesha, au kwamba akina mama wa kifugaji wa Twatwatwa na Parakuyo watakuja kliniki na watoto iwapo siku ya chanjo haigongani na mnada wala na kuhamisha ng'ombe. Muuguzi huyapata hayo kwa miaka ya kukaa mahali pamoja. Anaporudi masomoni kutafuta stashahada, na ni haki yake kabisa, zahanati hupokea mgeni mwenye cheti kizuri, ambaye itabidi aanze kuwauliza wanakijiji njia.