Mjadala Uliovuliwa Maneno

Mwaka 1995 Phan Minh Dung, mtafiti wa Kivietnamu aliyefundisha Thailand, alichapisha makala iliyoufutia mjadala maneno yake yote. Zilibaki nukta na mishale: nukta ni hoja, mshale huonyesha hoja ipi inaipinga ipi. Nani kasema, kwa sauti gani, kwa methali ipi, havimo. Hapo programu mbili za kompyuta zinazobishana huamuliwa kwa hesabu tupu. Hoja isiyopingwa hupita. Inayopingwa na iliyopita huanguka. Iliyopingwa hurejea ikiwa wapinzani wake wote wameangushwa. Sifa kuu ya ufundi huu, kwangu, ni kujua kunyamaza. Hoja mbili zikipingana ana kwa ana bila ya tatu kuingilia, njia ya tahadhari zaidi kati ya alizoeleza Dung haipitishi hata moja. Njia nyingine huikubali kila moja kama msimamo kamili, ila hairuhusu mtu kuzishika zote mbili kwa pamoja. Baraza la watu lingekuwa limekwisha kumpa ushindi mwenye ulimi mtamu, au mwenye mvi.

Ufundi huu utasemwa kuwa baridi, na si bure: uhai wa mtu na mali ya mtu haviwezi kuwa nukta sawasawa. Trevor Bench-Capon wa Liverpool alilijibu hilo mwaka 2003 kwa kisa cha Hal, mgonjwa wa kisukari aliyepoteza insulini yake akachukua ya Carla bila ruhusa. Kila hoja ilipewa thamani inayoitetea, na mshale hushindwa pale hadhira inapoitukuza zaidi thamani ya hoja inayolengwa. Upendeleo haukuondolewa, uliandikwa waziwazi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: anayechora mishale ni nani? Akikosea, hesabu itautakasa upotofu wake. Kweli, lakini tazama njia mbadala. Mwaka 2019, huko San Francisco, mashine ya IBM ilijadiliana na mwanamijadala Harish Natarajan kuhusu ruzuku kwa shule za awali. Kura za wasikilizaji zilimpa Natarajan ushindi, ingawa wengi wao walisema mashine ndiyo iliyowaongezea maarifa zaidi. Ni hoja ipi iliyoanguka, na iliangushwa na ipi? Kura hazikusema. Kwenye mchoro kosa lina mahali pake, na tangu Sanjay Modgil alipopanua nadharia ya Dung mwaka 2009, hoja inaweza kuulenga hata mshale wenyewe.