TV inasema ni 4K. Je, umehesabu?

Mjomba wangu ana kibanda umiza Nyakanazi, wilayani Biharamulo, karibu na njia panda wanapolala madereva wa malori ya kwenda Rusumo. Siku ya Simba na Yanga mabenchi hujaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Mwaka jana alinipigia simu: "Mpwa wangu, nimenunua TV mpya inchi 43, ya 4K. Mbona naiona kama ile ya zamani? Wewe si msomi, njoo uniangalizie."

Nilipofika nikafanya kile ambacho watu wengi wangefanya, na nikakosea. Nataka kuukosoa ushauri unaosambaa kuhusu kupima TV, nikianza na makosa yangu mwenyewe.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Kioo cha TV kimeundwa kwa vidoti vidogo vinavyoitwa pikseli. HD ya kawaida kwenye TV ndogo ni 1366 kwa 768, yaani kama pikseli milioni moja. Full HD ni 1920 kwa 1080, kama milioni mbili. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kwa hiyo anayekuuzia Full HD kwa jina la 4K amekupa robo ya ulicholipia. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayekusanya viingilio vya mechi, shilingi kwa shilingi.

Ushauri wa kwanza ni huu: bonyeza INFO kwenye rimoti, usome namba. Niliunganisha kompyuta yangu kwa waya wa HDMI, nikabonyeza, ikaandika 3840 kwa 2160. Nikamwambia mjomba, "Ni 4K, tulia." Haikuwa sahihi. Ile namba inaeleza picha inayoingia kwenye TV, haielezi kioo kina pikseli ngapi. TV inaweza kupokea picha ya 4K, ikaipunguza kimyakimya ili itoshe kwenye kioo kidogo, na bado ikaandika 4K. Ni kama mizani inayokusomea uzito ulioandikwa kwenye gunia badala ya kulipima.

Ushauri wa pili ni kucheza video ya maonyesho, ile ya maua na samaki wa rangi rangi. Hii ndiyo dukani wanaipenda. Rangi kali na mwanga mwingi hufanya kioo chochote kipendeze, lakini idadi ya pikseli haiongezeki hata moja.

Ushauri wa tatu una sayansi ndani yake: weka kwenye flashi picha ya mistari myeupe na myeusi, kila mstari upana wa pikseli moja. Kioo chenye pikseli pungufu kitashindwa kuitenganisha, na utaona kijivu au mawimbi. Wazo ni zuri, ila wanaolisambaza hawasemi kwamba baadhi ya TV za 4K hufungua picha za flashi kwa 1920 kwa 1080 kisha huzikuza. TV nyingine hukata kingo za picha na kuivuta kidogo. Hapo TV halali inafeli mtihani bila kosa lake.

Basi tuache kuiuliza TV. Tuhesabu wenyewe.

Zidisha inchi za TV kwa 2.21, utapata upana wa kioo kwa sentimita. Inchi 43 ni kama sentimita 95. Gawanya 3840 kwa 95: TV ya 4K lazima iwe na pikseli 40 hivi katika kila sentimita moja. Full HD ya ukubwa huo ina 20. Weka picha nyeupe tupu, shikilia rula ya plastiki inayopenyeza mwanga mbele ya kioo (usikikandamize), kisha angalia kwa lenzi ya kukuzia. Mimi niliazima ya fundi simu. Pikseli moja utaiona kama vipande vitatu: chekundu, kijani na bluu.

Tulihesabu mara tatu, mimi na mjomba. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

Kutoka hapo nikaenda nyumbani Ngara. Dada yangu ana TV ya inchi 32, jina lake sijawahi kulisikia popote, na ina stika ya Full HD. Nilishaidharau kabla ya kuigusa. Kwa ukubwa huo, Full HD inapaswa kuwa na pikseli 27 kwa sentimita, na HD ya kawaida 19. Nikahesabu: 27. Dada akacheka sana. Kushuku si kupima, jamani.

Njia yangu nayo ina kasoro. Mwaka 2016 kamati ya kimataifa ya vipimo vya vioo, ICDM, ilisisitiza kwamba kuhesabu pikseli peke yake hakutoshi. Itajwe pia jinsi kioo kinavyotofautisha mstari mweupe na mweusi. Sababu ni kwamba kuna vioo vinavyochanganya pikseli nyeupe na zile za rangi, na hesabu yake ina utata. Lakini kumnasa anayeuza 20 kwa bei ya 40, rula inatosha.

Je, mjomba angefaidika kama ingekuwa 4K kweli? Kidogo sana. Ving'amuzi vingi vya kawaida havitoi zaidi ya 1920 kwa 1080. Halafu jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa moja ya sitini ya nyuzi, na kwenye Full HD ya inchi 43 uwezo huo unaishia mita 1.7 kutoka kwenye kioo. Benchi lake la mbele liko mita mbili. Kwa hiyo aliuziwa kitu ambacho hakipo, na ambacho hata kingekuwepo wateja wake wasingekiona.

Tulirudi dukani na picha za rula kwenye simu. Muuzaji akaonyesha maandishi madogo ya kwenye boksi: TV "inasapoti" 4K. Kusapoti ni kupokea. Baada ya mabishano marefu akarudisha sehemu ya pesa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Lakini malalamiko yanahitaji ushahidi, na ushahidi unaanza na kupima.

Ukienda kununua TV, uliza hivi: "Kioo chenyewe kina pikseli ngapi?" Akijibu "inasapoti", toa rula.