Mgeni wa Tatu wa Martin

Katika hadithi fupi zilizoandikwa ili kumfundisha Mkristo kumtambua Bwana wake katika mambo ya kila siku, ni chache zinazopendwa kama ile ya Martin, fundi wa viatu. Mwandishi wake ni Leo Tolstoy wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1828 akafa mwaka 1910. Naye aliitoa mwaka 1885. Sisi nasi twaipenda. Lakini twaona ya kuwa mara nyingi husimuliwa kwa haraka mno, hata sehemu yake iliyo bora ikapotea.

Kwanza tuikumbuke. Martin akaa peke yake katika chumba cha chini chenye dirisha moja, nalo laonyesha miguu tu ya wapitao njiani. Mkewe amekufa, na mwanawe Kapiton, mara alipofikia umri wa kumsaidia baba, naye akafa. Martin amlaumu Mungu na kutamani kufa, mpaka mzee mmoja wa kijiji alikozaliwa amshauri kusoma Injili. Usiku mmoja, akisinzia kitabuni, asikia sauti ikimwagiza atazame njiani kesho, kwa maana Bwana atakuja. Kesho yake amnywesha chai Stepanych, mzee aliyekuwa askari, aliyechoka kuondoa theluji. Kisha amlisha mama atetemekaye kwa baridi na mtoto mchanga, ampa koti kuukuu na kopeki 20 akaikomboe shali yake aliyoiweka rehani. Mwisho apatanisha kikongwe muuza matofaa na mtoto aliyeiba tofaa moja. Usiku ajulishwa ya kuwa katika hao wote alimpokea Bwana mwenyewe.

Uzuri wa hadithi hii wa kwanza ni lile dirisha. Martin awatambua watu kwa viatu vyao, maana karibu kila jozi mtaani imepita mikononi mwake. Hakuiacha kazi yake ili akamtafute Kristo mahali pengine; mkono washona, na jicho latazama.

Uzuri wa pili ni siku yenyewe. Kisa hiki kilitungwa kwanza na mchungaji Mfaransa, Ruben Saillens, nacho kilikuwa kisa cha Krismasi. Tolstoy aliiondoa Krismasi, akabakiza siku ya kazi tu ya majira ya baridi. Kwa maoni yetu alifanya vema. Siku ya Krismasi kila mtu hutazamia wageni, na hata mchoyo huchinja kuku. Lakini siku ya palizi, jua likiwa kali na chakula kikiwa haba, ndipo ajulikanapo aliye na Kristo nyumbani mwake.

Tena wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo ilivyokuwa kwa Martin. Yeye aliyetamani kufa alipona kwa kuwahudumia wengine.

Sasa twaja kwa mgeni wa tatu, ambaye wasimulizi wengi humpita mbio. Kumpa chai mzee aliyechoka si kazi ngumu, wala kumvika koti mama mwenye baridi; moyo wenyewe huvutwa. Lakini kikongwe amemkamata mtoto nywele, ataka kumpeleka polisi, nao wote wawili wana kelele. Hapa hakuna wa kuhurumiwa kwa urahisi: mmoja ni mwizi, wa pili ana hasira. Martin atoka mbio hata miwani yaanguka. Amtaka mtoto aombe radhi, ampa tofaa, na kuahidi kulilipia yeye. Kisha amkumbusha kikongwe ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa. Mwishowe mtoto ambebea kikongwe gunia lake, wafuatana njiani, na kikongwe asahau kudai bei ya tofaa. Katika kitabu chote hatuoni neno lililo zuri kuliko kusahau huko.

Hata hivyo hadithi ina upungufu. Msingi wake ni Mathayo mlango wa 25. Lakini huko wenye haki hawakujua walimtendea nani, nao wastaajabu waambiwapo. Martin ameahidiwa mapema, naye akesha dirishani kama mtu aliyepelekewa barua. Msomaji aweza kudhani kwamba pasipo sauti usiku, tendo lake halikupokewa. Tena Martin hana watu nyumbani. Wageni wake wote huondoka kabla ya usiku, na saburi yake yajaribiwa kwa saa moja tu. Jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba haondoki jioni. Kesho tutamkuta kisimani, na mwakani pia. Jambo hilo hadithi hailigusi.

Wengine watauliza kama inafaa kusoma maandishi ya mtu ambaye Sinodi ya Kanisa la Urusi ilitangaza mwaka 1901 kwamba si mshiriki wake tena, kwa kuwa aliyakana mafundisho makuu ya imani. Twajibu kwamba twamsoma hapa kama msimulizi, si kama mwalimu wa imani. Na hadithi hii yaweza kupimwa kwa Injili ile ile iliyo mezani pa Martin.

Basi, walimu wenzetu, na ninyi wazazi msomao jioni pamoja na watoto, someni hadithi hii, lakini msiharakishe mwisho wake. Mfikapo kwa kikongwe na yule mtoto, tueni kidogo. Waulizeni watoto ni nani kijijini ambaye hatusalimiani naye, na ni deni gani tungeweza kulisahau. Huenda Bwana amekwisha kupita dirishani petu mara nyingi kwa miguu ya mtu huyo, nasi tulivitambua viatu, tukainamisha kichwa.